Shina Lililoitwa Kule

Vijana wangu, haya ninayaandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya pipa la maji. Nimestaafu kazi ya maabara lakini miguu imekataa kustaafu. Kila nikikaa naona kuna kitu nimekisahau kwenye moto. Nainuka, nazunguka nyumba, nakagua kitalu, nagombana na mbuzi wa jirani, nikirudi chai imepoa. Mke wangu anasema nina siafu kwenye viatu. Ninyi mnaotoka vyuoni, mnapopita hapa Ibighi kwa mafunzo ya vitendo, huniuliza mambo ya mashine. Mashine zina vitabu vyake, kasomeni. Mimi nitawaambia ya Dokta Tupokigwe, mwanabiokemia wa kwanza kufanya kazi katika milima yetu, na ya shina moja la chai ambalo nusura tulipoteze kwa sababu ya heshima.

Lakini kwanza jani. Jani la chai likishachumwa linaendelea kuishi, na hilo liwakae kichwani. Linapumua, linapata joto, linachoka. Ukilifumbata kiganjani kutoka shambani hadi maabara, utafika nalo limeshaanza kuharibika kwa ndani, na majibu yako yote yatakuwa ya uongo. Ukilitia kwenye mfuko wa plastiki ndiyo umelipika kabisa. Sisi tulilifunga kwa jani bichi la mgomba lililolowanishwa, tukalining'iniza mkononi kama mtu anayepeleka kitoweo ukweni. Watu wa Tukuyu walizoea kuniona nikikatiza sokoni na vifurushi hivyo, na wapo walioamini kabisa kwamba kituo chetu cha utafiti kinanilipa mshahara wa samaki.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Unaweka jani bichi ndani ya chupa ya kioo, chini umetia klorofomu kidogo, unafunika. Ule mvuke unavunja kuta za ndani ya jani. Baada ya muda jani linaacha ukijani na kuanza kugeuka rangi ya shaba. Shina likiwa na chai nzuri, jani lake hugeuka upesi na shaba yake inang'aa. Shina likiwa dhaifu, jani lake linasuasua na kuishia rangi ya tope. Hukuwa na haja ya kuvuna magunia na kuyapeleka kiwandani ili ujue shina lipi ni bora. Jani dogo lilikwambia yote, na kabla ya Dokta hakuna mtu huku kwetu aliyekuwa amefikiria kuliuliza.

Wakulima aliwaeleza hivi: "Ndani ya jani kuna vimeng'enya, na kuna utomvu. Kila kimoja kina chumba chake, na katikati kuna ukuta. Ukuta ukivunjika vinakutana, ndipo jani linageuka chai." Mimi mdomo wangu haujawahi kutulia, nikadakia: "Basi Dokta, hao ni baba mkwe na mkamwana!" Wakulima walicheka hadi mmoja wao akakaa chini. Dokta hakucheka. Alinitazama, akafunika chupa yake, akaendelea na somo. Sikujua bado nilikuwa nimegusa wapi.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kushika kasi. Dawa za maabara zilizokuwa zikiletwa na serikali zilikoma kuja, na wakati huohuo maduka ya Mbeya yakafurika: redio, sabuni za kila rangi, saa za mkononi zinazoimba. Kila kitu kilipatikana. Kazi ilikuwa kujua umepata nini. Klorofomu ilipotuishia nilitumwa Mbeya, nikaipata kwa muuzaji mmoja aliyeapa kwa jina la mama yake mzazi. Nikarudi kifua mbele. Dokta hakunisifu. Alichukua bilauri ya maji, akadondoshea tone moja.

Sikilizeni hapa. Klorofomu ni nzito kuliko maji na haichanganyiki nayo, kwa hiyo tone lake huzama hadi chini na kukaa pale kama ushanga. Tone langu lilipotelea ndani ya maji, halikuonekana tena.

"Bwana Idi," akasema, "umetuletea spiriti. Kajipakie vidonda."

Kesho yake nilikuwa Mbeya tena, safari hii nina bilauri mfukoni. Nilimdondoshea yule muuzaji mbele ya wateja wake. Akanibadilishia chupa bila hata kupandisha sauti, akaniomba tu nitoke upesi. Tangu siku ile sinunui kitu cha maji bila bilauri, hata mafuta ya taa. Wauzaji wa hapa Tukuyu wakiniona natoa bilauri wanaanza kutukana kabla sijafika.

Kituoni kwetu hakuna aliyekuwa ametulia. Kila asubuhi ilikuja na uvumi wake: kiwanda cha chai kinauzwa, kimeshauzwa, mnunuzi amekimbia, tunapunguzwa kazi wote, tunapunguzwa nusu. Watu walikuwa wakiandika huku sikio liko barabarani, gari likipunguza mwendo kalamu zote zinasimama. Mkuu wa kituo, mtu mwema lakini mwoga, alituita akatuambia kwamba wawekezaji watapita kuangalia, na maabara isiyokuwa na kitu cha kuwaonyesha itageuzwa stoo ya mbolea. Wengine wakaanza kutafuta mashamba ya kulima. Dokta akaanza kutafuta shina.

Alitaka shina moja tu, lakini liwe na chai kuliko yote. Mashamba ya wakulima wadogo yalipandwa zamani kwa mbegu, na mbegu za chai ni kama watoto wa tumbo moja, kila mmoja ana tabia yake. Katika shamba la mashina mia huenda kuna moja la ajabu ambalo mwenyewe hajui. Ukilipata hilo, unakata vipandikizi, jani moja na kijiti chake, unavitia kwenye viriba, vile vifuko vya udongo, na kila mche utakaoota utakuwa na tabia ileile. Basi tukazunguka kata kwa kata. Kila shina tulilolipima tulilifunga kibao chenye jina la mwenye shamba.

Sasa niwaambie siku niliyotibua. Alikuja kituoni mzee mmoja wa Masukulu, Mzee Ambilikile, mwenyekiti wa wakulima wa chai wa kijijini kwake. Alikuja kulalamika kwamba majani yao yanaoza kwenye banda la kupimia kwa sababu lori la kiwanda halitokei. Nikaona hoja yake ni nzito, haifai kuishia kwangu. Nikamshika mkono, nikasukuma mlango wa maabara, nikasema kwa bashasha zote: "Karibu ndani, baba, Dokta huyu hapa!"

Nilichosikia ni vioo kuvunjika. Dokta alikuwa ameshaingia chini ya meza, koti jeupe amelivuta hadi kichwani. Nageuka, mzee hayupo. Yuko nje, amegeukia ukuta, viganja usoni. Mimi nikajua ni sumu. Nikapiga ukelele: "Mvuke! Tokeni wote!" Ofisi nzima ikatoka nduki. Karani alipitia dirishani na taipureta yake kifuani. Dokta peke yake ndiye hakutoka, nami nikajitosa kumwokoa, leso puani, nikamkuta palepale chini ya meza.

"Ameondoka?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Yule. Baba yake Lugano."

Lugano alikuwa mumewe, mwalimu wa shule hapa mjini. Ndipo mwanga uliponiingia. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana, yaani mke wa mwanao, na baba mkwe wake hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasalimiani, hawatajani majina. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anapinda pembeni mwenzake apite. Si chuki, ni heshima waliyoipeleka hadi mwisho wake. Hata wakati ule wengi walikuwa wameilegeza, ila ukoo wa Mzee Ambilikile haukuwa mmoja wao. Yule mzee alijua tu kwamba mkamwana wake anafanya kazi ofisi fulani mjini. "Dokta" alidhani ni mwanamume.

Na mimi si mgeni. Baba yangu alikuja huku na cherehani yake, tunaswali, lakini mimi nimezaliwa hapahapa na mila hiyo naijua. Ningepaswa kuuliza Dokta ameolewa ukoo gani kabla sijamletea mzee yeyote. Sikuuliza kwa sababu nilidhani mtu aliyevuka bahari na kurudi na shahada zake anakuwa ameyaacha hayo huko.

"Dokta," nikamwambia, "wewe si umesoma Ulaya?"

"Nimesoma Ulaya," akasema, akitoa vipande vya kioo kwenye nywele. "Nimeolewa Masukulu."

Kuanzia siku ile kituo kikawa na utaratibu mpya: mzee yeyote akifika getini anataja jina lake kwa sauti, nasi ndani tunapata nafasi ya kumficha Dokta. Bwana mmoja kijana kutoka wizarani, na tai yake, alilazimishwa na mlinzi kupaza jina hadi likasikika barabarani ndipo akafunguliwa. Tukasikia baadaye aliandika kwamba nidhamu ya kituo chetu ni ya hali ya juu.

Kwa hiyo zamu ya shamba la Mzee Ambilikile ilipofika, nilikwenda mimi. Nilirudi na vifurushi vyangu vya majani ya mgomba, tukajaza chupa, tukafunika. Jani moja lilianza kugeuka kabla sijamaliza kufunika mengine. Likawa shaba tupu, inang'aa, wakati wenzake bado wanawaza. Dokta alisimama mbele ya ile chupa, mikono kiunoni, akasahau kufumba mdomo.

"Hili limetoka wapi?"

Nilitaka kutaja, akanizuia kwa mkono. Kibao kinadai jina la mwenye shamba, na jina lile yeye hawezi kulitamka wala mkono wake hauwezi kuliandika. Kalamu ilibaki hewani. Nikanyoosha kidole dirishani, upande wa Masukulu. "Limetoka kule," nikasema.

"Basi andika Kule," akasema.

Ndivyo lilivyopata jina. Tulilirudia kulipima hadi tukakinai, na halikutuangusha. Dokta akaniambia: "Bwana Idi, hili ndilo. Nikipata miche ya hili, hii maabara haigeuki stoo, na huyu mkulima hatabembeleza mtu anunue majani yake." Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na alikuwa akitembeatembea kama mimi.

Lakini kipandikizi hakikatwi popote. Ncha laini huoza, kijiti kigumu hakioti mizizi. Unaliacha shina bila kulichuma hadi matawi yarefuke na kukomaa kiasi. Lugano akamwomba baba yake aliache shina lile, na mzee akakubali. Tukawa tunasubiri. Nanyi mnajua mimi na kusubiri.

Matawi yakiwa bado mabichi, Lugano akaja maabara uso umesawijika. Baba yake ameamua kung'oa chai yote apande migomba.

"Kaongee naye," Dokta akamwambia.

"Nimeongea naye. Nimemwambia wewe ndiye unayelitaka lile shina. Anasema, 'Sibishani na mtu nisiyeweza kumwona.'"

Dokta akaenda dirishani, akarudi mezani, akaenda tena dirishani. Akikata sasa, vipandikizi vingi vitakufa. Akingoja, huenda akakuta shimo. Mwisho akanigeukia, akanitazama, nami nikaanza kufunga chupa kwenye kikapu kabla hajasema.

Mzee alinipokea vizuri. Aliondoa kimpumu chake mbele yangu, maana pombe hiyo kwangu ni haramu naye alilijua hilo, akaniagizia maziwa ya mgando. Nikatia jani la Kule kwenye chupa moja na jani la shina jirani kwenye nyingine, tukakaa kutazama. Nilikuwa nikiinuka kila mara kuchungulia.

"Gwe Idi," akasema, "kaa chini. Jani halikimbii."

La Kule likageuka, jirani yake bado kijani. Mzee akavua kofia, akainama, akalitazama sana.

"Rangi nzuri," akasema. "Sasa lori liko wapi?"

"Lori, baba?"

"Lori la kiwanda. Rangi hii mimi nimeiona kabla yenu. Naiona kila wiki pale kwenye banda la kupimia, gunia zima limegeuka hivihivi, tena bila chupa." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Lori la ndizi linatoka Dar hadi mlangoni kwangu, dereva anashuka ananipa shikamoo. La chai nalisubiri mimi, juani, na magunia yangu. Mwambie..." Akakatiza, maana hakutaka kumgusia. "Waambie huko kwenu, chai bila lori ni nyasi."

Nikafunga chupa zangu, nikarudi kituoni. Nilipomfikishia Dokta, hakumkasirikia. "Ana haki," akasema. Hilo ndilo lililomnyima usingizi: shina lilikuwa la mtu mwenye kila haki ya kuling'oa.

Alichagua kungoja. Kila siku alipata siku moja zaidi ya matawi kukomaa, na kila siku alijua huenda ndiyo ya mwisho. Asubuhi moja Lugano akafika na baiskeli, jasho linamtiririka. "Baba ameanza."

Landrova ya kituo ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe. Tuliisukuma hadi mteremkoni, na mkuu wa kituo, nilisema alikuwa mwoga, lakini siku ile alisukuma na tai yake shingoni. Tulipofika Masukulu shamba lilikuwa limepinduliwa. Mashina yamelala, mizizi juu. Kule nalo lilikuwa chini, kibao chake bado kimefungwa. Lakini majani yake yalikuwa hayajanyauka.

Dokta alisimama nyuma ya migomba ya jirani, amejifunika khanga hadi kwenye nyusi. Mbele yake, hatua chache, kuna kila alichokitafuta. Na katikati ya shamba, akisimamia vijana wenye majembe, yuko mtu asiyepaswa kumwona. Jua lilikuwa linawaka.

"Nikakate mimi," nikamwambia.

"Utakata wapi?"

"Juu ya jani."

"Jani la ngapi? Tawi lipi? Lenye ngozi ya rangi gani?"

Mkono wangu ulikuwa wa chupa, haukuwa wa kisu. Nikamwendea mzee, nikamwambia mkamwana wake yuko nyuma ya ile migomba na analitaka lile shina.

Alishtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. "Nimeshaling'oa," akasema.

"Limekufa kwako, baba. Kwake bado."

Nikamwomba aende nyumbani kidogo. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidevu ukingo wa shamba, kaburi la marehemu mkewe. "Nikiondoka hawa watachimba mpaka pale. Mbombo ngafu, mwanangu. Kazi ngumu." Akafikiri. Kisha akageuka polepole, akalipa shamba lake mgongo, uso akauelekeza mlima Rungwe.

"Aje," akasema. "Mimi natazama mlima."

Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na wingu. Vijana wakasimamisha majembe, hakuna aliyethubutu kukohoa. Dokta akatoka kwenye migomba, akavua viatu, akaingia shambani mwa baba mkwe wake. Alipiga magoti mbele ya Kule akaanza kukata, na kazi ilipomchukua akasahau yuko wapi. "Idi, maji! Idi, siyo hapo, kivulini! Idi, shika hivi!" Sauti ile ilizoea kuvuka maabara nzima. Mgongo wa mzee ulikuwa ukitikisika kidogo kila inapopaa.

"Jua linaniua vipandikizi," Dokta akasema. "Majani ya mgomba hayatoshi."

Mzee hakugeuka. Alivua koti lake refu la mvua, akalirusha nyuma juu ya bega. "Idi, mpe. Alilowanishe, afunikie."

Nikakimbia na ndoo mtoni. Niliporudi nikasikia wanazungumza, nikasimama palepale. Hawakuzungumza wao kwa wao. Mzee aliuambia mlima, Dokta aliyaambia majani.

"Mlima wewe," mzee alikuwa akisema, "lile shina alilipanda mama yake Lugano. Alilipenda, alikuwa akilipalilia kabla ya mengine yote. Nami sikujua kama yuko mwingine anayelipenda hivyo. Ningejua, jembe lisingefika."

Dokta aliacha kukata. Kisu kilibaki mkononi.

"Majani," akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha kabisa, "mama aliyewapanda sikumkuta. Nitawapeleka kila shamba, mkawe watoto wake."

"Ndaga fijo," mzee akauambia mlima. Asante sana. Maji yalikuwa yananimwagikia miguuni nami sikuthubutu kutia mguu katikati yao. Mimi nisiyejua kutulia, siku ile nilisimama tuli.

Vingi vilikufa, sitawadanganya. Kila asubuhi tulikuta vingine vimekuwa vyeusi, na Dokta alivitoa kimya kimya kimoja kimoja. Lakini vilivyoshika, vilishika. Wawekezaji walikuja, wakaonyeshwa viriba, wakaitika kwa vichwa kwa adabu, wakauliza choo kiko wapi. Maabara ikageuzwa stoo ya mbolea kama tulivyotishiwa, mimi nikapunguzwa, Dokta akaandika barua ya kuacha kazi siku ileile. Viriba tukavihamishia hapa Ibighi, nyuma ya nyumba yao, nami nikaendelea kumfanyia kazi. Chupa zikapangwa jikoni kwake, Lugano akawa anatafuta chumvi kwa uangalifu mkubwa.

Kiwanda kilipopata wenyewe na malori yakaanza tena kupita, wakulima walikuta Kule iko tayari. Leo ukienda vijiji vyote vya huku utaikuta, na mtu anakuuliza una miche ya Kule bila kujua kwa nini inaitwa hivyo. Mzee Ambilikile alipanda upya nusu ya shamba, nusu akaiacha kwa migomba, maana hakuwa mtu wa kusahau malori. Miche yake aliiagiza kwangu, na salamu zake, na za mkamwana wake, nilizipeleka na kuzirudisha mimi, mwaka hadi mwaka. Hawakuzungumza tena. Yao walikuwa wamekwisha kuyasema.

Dokta alitangulia. Aliugua muda mfupi, hata sikupata nafasi ya kuzoea. Msiba ulikuwa Masukulu, watu wamejaa hadi barabarani, wakulima wa vijiji ambavyo mimi sijawahi kufika. Jeneza likawekwa uani, watu wakapanga mstari wa kumuaga. Nilipomaliza kumtazama sikuweza kusimama na wenzangu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta mzee amekaa peke yake kwenye migomba, ameupa ua mgongo. Macho yalikuwa bado mazima, miguu ndiyo ilikuwa imechoka.

"Idi. Umemwona?"

"Nimemwona, baba."

"Mchungaji amekuja kunichukua. Anasema kifo kimeondoa miiko, niende nikamwangalie." Akatikisa kichwa. "Nimekataa. Maisha yake yote amejificha nisimwone. Sasa hawezi kujificha, ndiyo nimvizie?"

Nikakaa karibu yake. Huko uani walikuwa wameanza wimbo. Alisubiri mpaka ubeti ukaisha.

"Lakini wewe umekaa naye miaka mingi," akasema. "Niambie. Yukoje?"

Nikauchukua mkono wake, nikauweka kwenye ubavu wangu, chini ya kwapa.

"Mfupi, baba. Ananifikia hapa."

"Hapa?" Aliupapasa ubavu wangu kama haamini. "Hapa tu?"

"Hapo. Mezani alikuwa akipanda juu ya kreti la soda ndipo azifikie chupa."

Mzee hakuondoa mkono. Machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Kwa sauti ile," akasema. "Miaka yote hiyo, Idi, nimekuwa nikimpisha mtu mrefu."